Majivu ya Mhakiki

Utrecht, 4 Februari 2024

Mjomba Onesphory, shikamoo. Natumaini hamjambo wote na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mzima, ila Baba hali yake ni mbaya. Madaktari wamesema hatapona.

Ameomba jambo moja: azikwe Kamachumu, kibanjani kwenu, kando ya Mama. Huku mwili utachomwa, nami nitaleta majivu. Mtampokea?

Mpwa wako,
Lilian

Kamachumu, 20 Februari 2024

Mwanangu Lilian, Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima, ila habari ya shemeji imetuumiza sana.

Niliita ukoo. Wamekataa, mkuu wetu wa ukoo, Mzee Byabato, akiwa mkali kuliko wote. Majivu kwetu ni ya jikoni, humwagwa kwenye mashina ya migomba. Tuyaimbie pambio?

Halafu hawajasahau harusi ya wazazi wako. Baba yangu alimpa baba yako Pieter mkuki ili ajisifu mbele ya wakwe, tunaita kwebuga. Yeye akataja washairi wa Kiholanzi aliowaangusha kwa uhakiki wake magazetini! Tulicheka mpaka machozi. Baba akamwambia, "Hao ni watu wengine. Wewe je, waitu, mwenzetu?" Pieter akaahidi kurudi na jibu. Hata tulipomzika mama yako, alisimama pale bila kulitoa.

Aseme sasa, nami nipate la kuwaambia.

Mjomba wako,
Onesphory

Utrecht, 11 Machi 2024

Mjomba, shikamoo. Poleni na mvua.

Nilimsomea barua yako. Alicheka, kisha akageukia ukutani. Tangu Mama afe hajaandika shairi lake hata moja. Amebaki kuchambua ya wenzake, tena kwa ukali. Sasa anaandika jibu lenu na kulifuta. Namkasirikia, Mjomba. Muda unakwisha naye bado anasahihisha!

Lilian wako

Utrecht, 8 Aprili 2024

Mjomba, Baba alifariki jana. Jibu lake alilirekodi kwa sauti yake, nimekutumia kwenye simu.

Lilian

Kamachumu, 15 Aprili 2024

Pole sana, mwanangu. Nimelia.

Jana baada ya ibada tulimsikiliza kibanjani, kando ya kaburi la mama yako, Judica wetu:

"Mimi Pieter, niliyewapima wote nikajificha mwenyewe. Mimi mume wa Judica. Niliogopa kumwandika vibaya, nikanyamaza. Nimekuja."

Kihaya chake kibovu kweli, lakini hakuna aliyecheka. Byabato akasema, "Jibu ni fupi mno. Ila hili ni lake mwenyewe."

Mlete. Vijana watakaochimba waliuliza hicho chombo cha majivu kina ukubwa gani. Byabato amewaambia wachimbe kaburi la mtu mzima.

Mjomba wako,
Onesphory