Mkuu wa Maabara Asiye na Seli B

“Mashine haidanganyi,” ndivyo anavyotuhubiria mkuu wetu wa maabara, na si kweli, mpendwa mshauri, inadanganya vizuri tu ikilishwa uongo, na aliyeilisha ni mimi, naomba uniokoe. Kazi yetu ni kutafuta seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga, nasi tunazitia kingamwili zenye rangi zinazozing'ang'ania hizo tu, kisha mashine inazipitisha moja moja mbele ya leza na zinazowaka ndizo tunazihesabu, na kila Jumatatu kabla ya wagonjwa mkuu hukunja shati akatoa damu yake iwe mfano wa mtu mwenye afya, huku akijisifu kwamba mkono wake ndio rula ya maabara. Sasa Jumatatu ya juma lililopita nikakuta nimekisahau kichupa cha kingamwili dirishani tangu Ijumaa, jua limeifuta rangi yote, nikaogopa kusema, nikakitumia hivyo hivyo, na mashine ikaonyesha mkuu hana seli B hata moja. Akakaa chini, akaahirisha vipimo vya wagonjwa, na tangu hapo amekuwa malaika, ananiita “mwanangu,” ameniomba radhi kwa kuniita gogo mbele ya wanafunzi, ametupa likizo tulizonyimwa, nami kila nikitaka kukiri dada wa mapokezi ananifinya, “Nyamaza wewe! Mwache augue kidogo, ugonjwa umempendeza!” Lakini jana nimemkuta akiandika barua ya kuacha kazi, machozi yanadondokea kibodi. Nifanyeje?

Majibu:

Huna haya! Mtu anaaga walimwengu, wewe unafurahia likizo? Najua kuitwa gogo kunauma. Lakini hofu yako umemhamishia yeye, halafu unaona ofisi imetulia. Hayo ni matanga ya mtu aliye hai.

Na mkuu wako naye! Majibu yangekuwa ya mgonjwa wa kawaida, angesema, “Rudieni, kagueni kichupa.” Kwa kuwa damu ni yake, elimu yote ikamruka kichwani.

Leo, kabla hajaituma barua, fungua kichupa kipya, kizungushie karatasi ya foili kisipigwe na mwanga, ingia ofisini kwake useme: “Mkuu, nilikiacha juani, nikakitumia, nikanyamaza.” Usichomeke “bahati mbaya” katikati. Kisha mwombe mkono, umpime upya, naye asimame mbele ya skrini azione seli zake zikiwaka. Atakuita gogo tena. Safari hii limeze neno hilo.

Wewe dada wa mapokezi, likizo ni haki yako: idai kwa maandishi, usimzike mtu ili uipate.

Nanyi wakuu wa maabara mnaousoma ukurasa huu mkimcheka mwenzenu, acheni kucheka. Kesho asubuhi, mkiwa wazima wa afya, piteni mezani kwa kila mfanyakazi mumuulize nini kimeharibika. Akisema, mshukuruni, tena mbele ya wanafunzi.