Matufaha ya Bibi wa Hail

Jumapili, 12 Januari
Somo la matufaha, siku ya tatu. Wajukuu zangu, Muna na mdogo wake Zuwena, wamefika saa mbili na vitabu vyao vya Marekani. Baba yao amemaliza masomo huko. Wamerudi katikati ya mwaka wa masomo, skuli haina nafasi mpaka Septemba, na mama yao, mwanangu Asya, yuko kazini. Basi skuli ni meza yangu ya kulia, hapa Darsait, Maskati. Nimesomesha sayansi umri wangu wote. Nna furaha kama nimeajiriwa upya.

Leo tumesoma habari za mtu mmoja wa zamani wa huko Marekani, aliyekwenda miguu mitupu, sufuria kichwani, akiwapandia matufaha wahamiaji kabla hawajafika. Nimewaeleza kwamba hakutupa mbegu ovyo njiani, kama hadithi zinavyopenda. Alichagua mahala, akazungusha ua, akarudi kuangalia.

Tumekata matufaha. Mbegu tumezilaza kwenye tishu mbichi, ndani ya bakuli, ndani ya friji. Mbegu ya tufaha haiamki mpaka ilale kwenye baridi wiki nyingi. Maskati haina baridi hiyo. Muna akauliza wiki ngapi. Sita, labda zaidi. Akavuta mdomo.

Jumamosi, 18 Januari
Walikuwa Hail, upande wa pili wa mji, tangu juzi, kwa Bi Salma, mama wa baba yao. Wamerudi na sufuria vichwani. Bi Salma kawahadithia habari ileile kwa njia yake. Kwake yule mtu ameshuka kutoka Jabal Akhdar, milima yetu ya Oman, sufuria imejaa pilau, anarusha mbegu kulia na kushoto. Watoto wamecheka njia nzima.

Tena wamepanda. Mbegu kutoka kwenye tufaha moja kwa moja hadi kwenye kopo la maua. Kawaahidi itaota kabla ya Ramadhani.

Haitoota. Nilijua palepale. Nikasema mashaallah.

Jumatatu, 20 Januari
Swali: mtu huyu alikula nini safarini? Muna kaandika pilau. Nimemtia kosa. Akalia.
Wivu. Hakuna jina jengine. Nna miaka sabini na moja.

Alhamisi, 30 Januari
Asya kapiga simu. Watoto wanaomba wasome Hail. Kuna bustani, kuna nafasi, Bi Salma yuko tayari. Ataamua Ramadhani ikiingia. Nikamwambia afikiri vizuri, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Kisha nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Bila ya watoto wale, meza hii ni ya kuwekea dawa zangu tu.
Kopo lile likae tupu. Wataona nani mwalimu.

Jumatano, 12 Februari
Bi Salma kanipigia mwenyewe. Kopo halina kitu, watoto wanasononeka, afanyeje? Nikamwambia ni subira tu, aendelee kumwagilia.
Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo mpaka magharibi.

Jumapili, 23 Februari
Zimeamka. Mbegu nne, kila moja imetoa kimzizi cheupe kama punje ya mchele. Zuwena karuka. Muna hakucheka.
Nikamuuliza ana nini. Akasema chini chini: "Ya Hail nimeiua mimi, Bibi. Kila nikienda nafukua kuitazama."

Kakaa na jambo hilo peke yake, hakumwambia mtu. Asya alinieleza kwamba mtoto halali vizuri. Nikadhani ni mafua.

Nikamwambia hakuiua. Ilikosa baridi. Nilijua tangu siku ya kwanza.
"Mbona hukusema?"
Nikachagua mbegu mbili, nikazifunga kwenye tishu nyengine.

Jumanne, 25 Februari
Nimekwenda Hail na Muna, mbegu mbili ndani ya tishu. Nimemwambia Bi Salma yote kabla sijakaa. Akanimiminia kahawa. Sahani ya halua haikufunuliwa.

"Hata nilipokupigia simu, ulijua?"
"Nilijua."
"Na mimi namwambia kila mtu, kamuulizeni mkwe wangu, yule ndiye msomi."

Nilitamani anitukane. Kisha akamwita Muna, akampa kopo. Muna kazipanda kwa vidole viwili, taratibu, kama nilivyomfunza. Bi Salma kambusu kichwani. Nimeona, na roho imenichoma vilevile. Aibu haikuuondoa wivu, vimekaa pamoja.

Mlangoni akaniambia: "Zikifa hizi, msomi, hatuna wa kumsingizia."

Jumamosi, 1 Machi
Ramadhani. Asya kaamua: siku tatu kwangu, mbili Hail. Nimekubali. Bi Salma, nasikia, aliomba nne.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya Hail. Nyumba kimya. Nimesoma Kurani, nimekata vitunguu vya sambusa. Meza nimeifuta mara mbili.

Alasiri Bi Salma kaleta picha kwenye simu: kopo, udongo, majani mawili madogo. Hakuandika kitu. Baadaye Muna akapiga, akanihadithia yule mtu tangu mwanzo, kama sijapata kumsikia. Kashuka kutoka Jabal Akhdar. Sufuria kichwani, pilau ndani. Akasita.
"Ndivyo, Bibi?"
Nikamwambia aendelee.