Mwandiko wa Yustina

Mgeta, Jumatano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Gairo mmeamka salama na goti lako limepata nafuu. Sisi tunapumua, ila mimi usingizi umenikimbia. Simu nimeiogopa, maana mtandao unapatikana kwenye ngazi za kanisa tu, na pale hata ukinong'ona parokia nzima inajua.

Bila shaka umesikia ya mdogo wako, Mjomba Andrea. Alifyeka msitu wa hifadhi juu ya chanzo cha maji akapanda kabeji. Kijito kikakauka, wanafunzi wangu wakawa wanakosa vipindi kwa kuhangaikia maji. Mtu akawaandikia maafisa wa misitu barua isiyo na jina. Wakaja, wakang'oa kabeji zote, na mjomba sasa ana kesi mjini.

Wiki ileile nilikuwa nafundisha Kidato cha Pili msemo wa Kiingereza, "tell on". Nikawaeleza kuwa ni kupeleka habari za mwenzako kwa mkubwa ili aadhibiwe, na kwamba husemwa zaidi kwa watoto wanaochongeana. Lucy, mbishi yule, akauliza: kama mwenzako amekosa kweli na watu wanaumia, bado ni kuchongea? Nikamwambia akae chini aandike mifano mitano. Loo, mwalimu gani mimi!

Jumapili baada ya misa ukoo ukakaa kwa mjomba. Alikuwa na nakala ya ile barua, sijui kapewa na nani. Binamu Tomasi akasema hakuna haja ya kutafuta, ni mke wa mjomba, Yustina; yeye si wa ukoo wetu, ardhi haimuumi. Yustina akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajui lolote. Wakanipa karatasi, eti mwalimu ndiye anayejua miandiko.

Mama, nikasema ni mwandiko wa Yustina.

Amepewa hadi Jumamosi aondoke. Shamba ni la ukoo, kwa hiyo miaka ishirini na miwili ya jembe lake anaiacha hapa. Jana tulikutana njiani akanisalimia vizuri tu. Heri angenitukana.

Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Kuiandika sijutii, watoto walihitaji maji. Najutia Jumapili. Mara tatu nimefika mlangoni kwa mjomba nikarudi, naona watanifukuza na mimi. Wewe ni dada yake mkubwa, hakupingi. Nakuomba upande basi Ijumaa, umpe karatasi hii aisome mwenyewe, Yustina akiwa amekaa hapohapo. Ukinihurumia ukaichoma, wewe nami tutakuwa tumemfukuza Yustina pamoja.

Nisalimie Jastin na majirani wote. Zawadi, anayeshusha mboga sokoni huko, ndiye anayekuletea barua hii, mpe chai.

Mwanao,
Joyce