Chapati Nilizomwekea Baba Yako

Hell-Ville, Nosy Be

Mwanangu Mwanaesha,

Salamu zangu zikufikie hapo Mahabibo, wewe na wanao na baba yako kitandani. Mgongo wako umepoa? Kumgeuza mtu mzima si kazi ya mtu mmoja. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia tangu nipate barua yako.

Kumbe siku zote hizi baba yako hali kitu. Nami huku nakanda unga wa wageni, nasukuma, nasema moyoni, saa hii naye anakula chapati zangu.

Kuziweka vile kwenye friza nilijifunza hapa. Mama mwenye nyumba ya wageni ana friza kubwa, hataki tukande kila asubuhi. Ndiyo maana nilipokuja Idi nikashinda jikoni, ukanicheka kuwa napikia kikosi cha askari. Niliziivisha nusu, nikaziacha zipoe kabisa juu ya kanga, maana ikiingia ya moto mvuke wake hugeuka barafu zikashikana zote. Kila moja nikaitenga na nyingine kwa nailoni, nikaukamua mfuko hewa itoke. Nilitaka ukichelewa sokoni asishinde na njaa, kwa kuwa tangu kiharusi kimpige upande mmoja hawezi kutafuna kitu kigumu, na zako, mwanangu, usinune, zinataka meno ya ujana.

Sikufikiria macho ya watu. Jirani yetu Bi Kuruthumu kaja kuomba barafu, kafunua friza, kasema kwa sauti yake ile isiyojua pazia, "Loo, mwenzetu kashapika vya matanga. Kilichobaki ni maiti tu." Na baba yako yuko nyuma ya pazia, masikio yake hayakupigwa na kiharusi. Unaniandikia alisema, "Chakula cha matanga yangu watakula wengine," akageukia ukuta. Hata mchuzi uliomtia mdomoni akautema.

Yeye anajua kama sisi sote, penye msiba jiko haliwashwi, chakula huletwa. Basi anadhani mkewe ameshamzika, akamwekea na cha watu kula, akaenda zake.

Nimeomba ruhusa nije. Mama mwenye nyumba hakukataa, alisema tu nikiondoka wageni wakiwa wamejaa atatafuta mwingine. Na dawa za baba yako zinatoka kwenye mikono hii. Nimelia juu ya unga, na wageni wamekula.

Sasa fanya hivi. Ijumaa zitoe zote, usibakishe hata moja. Zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, uzifunike kitambaa zisikauke. Wape watoto wa chuo cha Kurani wamwombee uzima. Mwambie mwalimu kwa mdomo wako, uzima, si hitima ya maiti. Sinia abebe Bi Kuruthumu mwenyewe. Usigombane naye, mpe tu abebe. Kisha wewe na mumeo mnyanyueni baba yako aione friza tupu kwa macho yake. Halafu kanda mbele yake, unga wa mlo mmoja tu. Mafuta yatangulie maji, maji yawe vuguvugu, uuache unga ulale. Ikitoka ngumu loweka kwenye maziwa. Mwambie mama anasema hakuna kilichowekwa tena, kila siku itapikwa ya siku hiyo.

Akikataa, usimpe habari mtu wa boti aje kunieleza mbele ya watu. Niandikie wewe.

Nisalimie shangazi yako wa Mangarivotra, mwambie aje akae na kaka yake mchana. Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako, na mwalimu wa chuoni. Wajukuu zangu wasomee barua hii kwa Kimalagasi, kwani lugha hii ya bibi yako imebaki kwangu na kwako.

Na akila, hata kipande cha ukubwa wa kidole, niandikie alitafunia upande gani.

Mimi mama yako,
Zaituni