Maji Uliyoogopa Kuyamwaga

Mpendwa binti yangu, Mama Neema,

Nimeianza barua hii mara tatu. Ya kwanza nilikukemea, ya pili nikakulilia, zote mbili nikazichana. Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba umepata kazi Mtwara, na kwamba huko nako utashika mashine ya kuoshea kwa maji ya moto, sijatulia. Nikikaa, nasimama. Basi likipita mbele ya nyumba, naenda dirishani kana kwamba ni wewe unayerudishwa. Naiandika iwe barua ya wazi kwa sababu wapo akina mama wengi hapa Newala waliowalea mabinti wao kama nilivyokulea wewe.

Unaikumbuka sheria ya nyumba yetu. Maji ya kuoshea mchicha yaliingia kwenye beseni la nguo, ya nguo yakapiga deki, ya deki yakaenda kwenye mpapai. Ulikuwa darasa la pili ulipoteleza ukitoka kioski cha maji, ndoo ikapinduka. Nilikusimamisha palepale kwenye tope, nikakutamkisha neno kama nilivyowatamkisha wanafunzi wangu: "Usimwage." Ukalirudia huku ukilia. Kisha ukaniuliza, "Mama, na goti langu?" Sikukujibu. Nilikuwa nachungulia ndani ya ndoo, nione yaliyosalia.

Ulipoanza kazi kwenye karakana ya kubangua korosho Masasi, ulikuja nyumbani Jumapili ukijigamba. Mafuta meusi ya maganda hayatoki kwenye sinia kwa maji baridi, ulisema, lakini mashine ile inayang'oa. "Hata ukali wako, Mama, ingeuosha." Ukanihesabia hatua za kuifunga kwa vidole. Moto wa mashine unazimwa kwanza. Maji baridi yanaachwa yapite, huku umebonyeza bunduki ya kurushia maji, hadi mpira wote unaoyapitisha upoe. Ndipo mashine inazimwa na bomba linafungwa. Halafu unabonyeza bunduki tena, presha iishe ndani, ndipo unafungua mpira.

"Na maji yote hayo yanakwenda wapi?" nilikuuliza.

"Yanamwagika tu, Mama."

Nikaguna. Mguno huo ndio unaoniinua kitini.

Siku ile ulipoungua, ulizima vyote kwa pamoja, ukatega ndoo chini ya kiungio cha mpira, ukafungua mpira ili maji yaliyobaki ndani yafulie aproni. Kiungio kikafyatuka mkononi. Maji yakakupiga pajani, yakateremka hadi ndani ya buti la mpira, kwa maana suruali ulikuwa umeichomeka humo. Buti likayashika maji ya moto kama sufuria. Mwenzako Mama Zuhura, aliyekuwa akipanga sinia, alikuvua buti na kukuburuta hadi bombani. Yeye ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Anasema hukukaa sana chini ya maji, ukanyosha mkono ukalifunga bomba.

"Yanatosha," ulimwambia. "Tanki litaisha."

"Wewe Mama Neema, una wazimu? Mguu mwingine utaununua gulioni?"

Alilifungua, ukalifunga tena. Mwishowe alikushika mikono yote miwili kama aliyekamata mwizi, maji ya bomba yakaupoza mguu dakika ishirini. Muuguzi alisema dakika zile zilikusaidia kuliko dawa yoyote ambayo ungepakwa nyumbani.

Nilipofika kitandani pako uliniambia, "Mama, lakini nilikuwa nimeizima." Nami nikakujibu, "Kuzima si kupoza." Mwanangu umelala na bandeji hadi kiunoni, nami nasahihisha vitenzi! Uligeukia ukutani. Naomba radhi kwa namna nilivyolisema na saa niliyolisema. Sahihisho lenyewe siliondoi. Mashine huzimwa mara moja. Maji yaliyomo huchukua muda kupoa. Vitenzi ni viwili, na kati yake ndipo ulipoungulia.

Basi huko Mtwara suruali ikae juu ya buti, isichomekwe ndani. Vaa glavu. Usijioshe buti kwa bunduki ile, wala usiielekeze kwenye miguu ya mwenzako hata kwa utani. Nakujua kwa utani. Haya yote najua utayafuata. Ninaloliogopa ni lile ulilolisema mwisho, kabla simu haijakatika: "Huku nako maji ni ya zamu, Mama."

Naujua mkono wako, kwa sababu ni mkono wangu. Leo asubuhi nimeamua kuujaribu. Nimeosha mchicha, nikalibeba beseni hadi uani ili niyamwage maji yale kwenye ardhi tupu, mbali na mpapai. Mkono ukakataa. Nikarudi ndani, nikatoka tena, nikazunguka ua mzima. Jirani yetu Mama Rehema akachungulia juu ya ukuta, akaniona.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona unalitembeza beseni kama mtoto mchanga?"

"Marahaba. Najifunza kumwaga."

"Kumwaga? Wewe?" Alicheka hadi akaushika ukuta. "Ngoja nimwite Baba Rehema, hili haamini mtu!"

Nikamwaga mbele yake. Ardhi ikayanywa, pakabaki doa, na doa likakauka kabla sijafika mlangoni. Nimefika umri huu wote bila kujua kwamba kumwaga kunakwisha upesi namna hiyo.

Nilikutamkisha neno moja pale kwenye tope, ukalishika hata mguu ukiwa unaungua. Leo nalisahihisha, na mwalimu akisahihisha hufuta alichokiandika mwenyewe. Lichukue neno lile, "usimwage". Katikati yake mna kiambishi cha kukanusha, "si". Kifute. Mashine ikiwa ya moto na mpira umejaa, hata kama bomba la zamu limekauka na watu wamepanga ndoo wakikutazama, lisome lililobaki kwa sauti:

Umwage.

Ni mimi mama yako, ambaye bado hajakujibu kuhusu goti.