Ngata Ukingoni mwa Handaki

Gaspari mdogo wangu,

"Vita ile ya Wajerumani na Wabelgiji ilikuwa ya Wazungu, watu wetu walipita tu na mizigo." Ndivyo ulivyokitetea kitabu cha shule mnachokihariri. Tangu lini mpita njia akachimba handaki la kufika kifuani?

Leo nimesimama ndani yake, karibu na Usevya, shambani kwa Mama Skola aliyenilisha wali mpya na kambale. Hapa askari walipiga kambi. Wapagazi ndio waliowachimbia handaki na kuwapangia ukuta wa mawe, na wengi wakafa hapa hapa bila bunduki mkononi. Kila mwaka kabla ya kulima, familia hii husuka ngata za majani na kuziweka ukingoni, ili waliokufa na mizigo kichwani wapate nafuu.

Mwanawe Mama Skola anataka kulifukia handaki. "Mama, wafu hawali ugali. Tupande mahindi."

"Na wewe ungezaliwa na nani, kama babu wa baba yako asingetoka humu mzima?"

Kijana akaanza kukata majani. "Haya, mwaka huu tuliache. Lakini nani mwingine anawajua hawa watu?"

Nami nikasuka ngata, ikatoka imepinda. Mama akacheka: "Hiyo itamwangusha mtu, baba!"

Wabusu watoto, asali ya Ugalla yaja. Na nyie wahariri, ifuteni sentensi ile kabla kitabu hakijachapwa. Andikeni kwamba walichimba, na kwamba walikufa.

Kaka yako