Majani Uliyoyakung'uta

Kisauni, 9 Machi 1946

Nyevu,

Jumatatu nilipoteza mimea mia mbili na kumi na minne, kazi ya miaka mitatu. Niliikausha ndani ya magazeti, kila aina na gazeti lake, ili bwana mtafiti ahesabu kinachoota toka nyasi za Mtongwe hadi msitu wa Mwakirunge. Ukaikung'uta, ukafungia mahamri ya safari yako kwa magazeti yangu. Ukasema: "Majani makavu, kaka, hata mbuzi hawayataki."

Mama hajambo.

Mia mbili na kumi na mitatu nitaichuma tena. Ule mmoja siupati: msitu wake umekatwa wote, na bwana hajauona kwingine. Usiniandikie samahani. Uliimwaga wapi? Nataka jibu kabla ya Ijumaa adhuhuri, bwana atakapokuja kuihesabu.

Kakako,
Kaviha